Kisigino cha Kushoto

Marehemu baba yake Soli alikuwa fundi viatu. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye kibanda kimoja kando ya posta, akishona viatu vya watu waliokwenda kila mahali, na yeye mwenyewe hakwenda popote. Lakini ukimpa kiatu akakipindua, angekwambia kilikopita. “Hiki kimepanda mlima,” angesema, akikwaruza soli kwa ukucha. “Na hiki kimeliwa upande wa nje. Mwenye nacho ana haraka na hana pa kwenda.” Watu walicheka, wakamwachia viatu vyao, na walipovifuata aliwauliza habari za huko walikokuwa, akisikiliza huku misumari imemjaa mdomoni.

Binti yake alikulia chini ya meza hiyo, ndiyo maana mtaani walimwita Soli, na jina halikumtoka hata alipokuwa mwanachuo. Alisomea kutengeneza viungo bandia. Baba alipoelezwa kwamba kuna kazi ya kuwaundia watu miguu, alifikiri kidogo akasema, “Basi tuko pamoja. Wewe unaunda, mimi navisha.”

Mwaka wa tatu Soli alichaguliwa kwenda nchi za nje kwa mafunzo ya vitendo, miezi sita, katika karakana ya hospitali moja kubwa. Asiporudi na barua ya msimamizi wa huko, yenye sahihi na muhuri kwamba kazi yake ni nzuri, chuo kisingemhesabu kuwa amemaliza. Baba akaanza kumshonea viatu vya safari, vya ngozi nyeusi, vya kufunga kamba.

“Usije ukarudi ukanihadithia karakana tu,” alimwambia. “Siku za kazi fanya kazi. Jumapili nenda kanisani. Lakini Jumamosi usilale, mwanangu. Panda treni, ufike mahali, utembee, halafu uje unihadithie.”

Kiatu cha kulia kilikamilika. Cha kushoto kilikuwa hakijapigwa kisigino ile Jumatano asubuhi baba alipomaliza sala pamoja na watu wa nyumbani, akakaa kitini avae viatu vyake, asiinuke tena. Mungu alimchukua hapo hapo, bila kumsumbua. Zilikuwa zimebaki wiki tatu Soli asafiri.

Watu walijaa nyumbani. Pole, mwanangu. Pole sana. Poleni jamani. Soli alizipokea zote, akapika chai, akapanga viti, akaenda kufuatilia hati ya kusafiria, na hakulia. Hata kaburini hakulia. Shangazi yake mmoja alinong'ona kwa sauti iliyofika jikoni kwamba huyu msomi wetu ameshajitengenezea na moyo wa bandia.

Siku moja kabla ya safari, Soli alikwenda kibandani, akafungua kufuli, akatwaa nyundo ya baba na kukipiga kisigino cha kushoto mwenyewe. Alikuwa na haraka, na macho hayakuwa yakiona vizuri. Kisigino kikatoka chini kidogo kuliko cha kulia, tofauti ya unene wa jalada la daftari gumu. Alipovivaa mbele ya mama yake aliona mwenyewe jinsi anavyoegemea upande.

“Nikitoe nikipige upya?” aliuliza.

“Vaa hivyo hivyo,” mama alisema. “Kimoja chake, kimoja chako.”

Karakana ilikuwa chini ya jengo, yenye madirisha membamba karibu na dari. Ukiwa ndani uliona miguu tu ya wapita njia. Soli aliyapenda madirisha hayo kuliko kitu chochote kingine cha nchi ile. Akiwa anasugua jasi aliinua macho akasoma: huyu kiatu kinambana, huyu amebeba mzigo upande mmoja, huyu anakanyagia vidole kama mtu aliyechelewa.

Watu wa kufanya nao kazi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Msimamizi, mama wa miaka hamsini na kitu, miwani ikining'inia kifuani, aliyepima kila kitu mara mbili na kukiandika mara tatu. Wa pili alikuwa fundi mkongwe aliyechukua umbo la vigutu vya wagonjwa kwa bendeji zenye jasi, mweupe tangu nyusi hadi viatu kama mtu aliyetoka kinuni. Soli alimwita Mzee wa Jasi.

Siku ya kwanza Msimamizi alimuuliza habari za wazazi, kwa adabu tu. Soli akasema mama yupo, baba amefariki mwezi uliopita. Msimamizi akaweka kalamu chini, akatamka neno moja. Mzee wa Jasi naye akatamka neno lile lile. Soli alilifahamu. Alifundishwa katika somo la pili la lugha yao: ndilo neno la kuomba msamaha ukimkanyaga mtu.

Aliporudi chumbani alimsimulia mwenzake. Huyu alikuwa msichana wa kwao pia, mwanafunzi wa mambo ya maziwa, aliyekuwa akifanya mafunzo katika kiwanda cha jibini, na kwa kuwa hakuwahi kupotea njia hata siku moja, Soli alimwita Ramani.

“Wameniomba msamaha wote wawili,” Soli alisema. “Kwani wao ndio waliomuua baba?”

Ramani alicheka mpaka akakaa chini. “We, hawa hawana pole. Wana neno moja tu. Wakikukanyaga, hilo. Ukifiwa, hilo. Mkate ukiisha dukani, hilo hilo.”

“Neno moja linafanya kazi zote hizo?”

“Na halipewi likizo.”

Basi Soli akalitwaa neno lile akaliweka mahali pa pole, kwa kuwa mdomo wake haukuweza kukaa bila pole. Mzee wa Jasi akiangusha koleo, Soli alilitamka. Msimamizi akipiga chafya, alilitamka. Mtu akishuka ngazi na mzigo, mtu akiingia amelowa, mtu akilalamika kwamba kalala vibaya, Soli alikuwa nalo tayari.

“Binti,” Mzee wa Jasi alimwambia siku moja, “miaka yangu yote sijaona mtu mwenye makosa mengi kama wewe. Jana umetuomba msamaha kwa sababu ya mvua.”

Soli alicheka, akadhani anataniwa. Alikuwa anataniwa kweli. Hakujua tu kwamba ndani ya utani ule kuna onyo.

Jumamosi hakulala. Ramani alipanga njia, Soli akabeba mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, wakapanda treni ya asubuhi. Walifika kwenye ziwa ambalo maji yake yalikuwa baridi hata kwa macho. Walifika mji wa ngazi, ambapo Ramani alihesabu ngazi mia tatu na kumi, akakaa kwenye ya mia tatu na kumi na moja akasema yeye hahesabu tena, wala hapandi. Waliingia shimo la zamani la chumvi, wakalamba ukuta kuhakikisha, mlinzi akawakemea.

Viatu vilimpeleka kote, kile cha kushoto kikimshusha kidogo kila hatua. Wiki ya kwanza nyonga ilimuuma. Wiki ya pili goti. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameujifunza mwili wake wote kwa sababu ya kile kisigino, akajua jinsi kitu kisichoonekana kwa macho kinavyoweza kumbadilisha mtu kuanzia unyayo hadi shingo.

Kila walipofika mahali pazuri, Soli alisogea pembeni, akainamisha kichwa. Ramani alijua asimfuate. Sala yenyewe ilikuwa fupi. “Mungu wangu, asante kwa kutufikisha. Na ukimwona baba, mwambie leo tumefika ziwani. Mwambie maji yake ni ya kijani, na watu wanatembeza mbwa.” Kisha alirudi akamenya yai.

Aliyewaelekeza kwenye safari hizo, kwa kweli, alikuwa mgonjwa. Dereva wa treni mstaafu, mzee mwenye sharubu zilizochanwa, aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Msimamizi alimpa Soli kazi ya kumtengenezea mguu mzima, kuanzia umbo la jasi hadi hatua ya mwisho, yeye akisimamia. Huo ndio mguu ambao barua yake ingeuzungumzia.

Dereva alikuja kila Alhamisi. Kabla hajakaa aliuliza, “Haya, Jumamosi mlikwenda wapi?”

“Mji wa ngazi, mzee.”

“Mlikaa upande gani wa treni?”

“Wa kulia.”

“Mmepoteza safari. Mto uko kushoto. Rudini tena.” Halafu alimchorea njia nyingine nyuma ya karatasi ya vipimo, stesheni kwa stesheni, pamoja na mahali pa kununua chai isiyo mbaya. Aliishi kwenye stesheni ya mwisho ya reli ya bondeni, nyumba ya kwanza baada ya reli kuisha, yenye nguzo ya taa ya manjano mlangoni. “Mkimaliza nchi yote, njooni kwangu. Hapo treni haiendi mbele tena, kwa hiyo hamtapotea.”

Mguu ulitoka vizuri. Soli alichonga kikombe cha kuingizia kigutu mpaka Dereva akasema haoni pa kulalamikia, na yeye alikuwa mtu wa kupenda kulalamika. Alipima mwinamo wa unyayo kufuatana na kiatu chake cha kahawia, akaandika urefu wa kisigino, akamwambia kama karatasi ya maelekezo ya wagonjwa ilivyosema: asiutumie mguu na kiatu kingine, kiwe hicho hicho tu. Dereva akaitikia. Akaenda nao nyumbani kwa majaribio ya wiki mbili.

Alhamisi aliporudi alikuwa amevaa tai. Alishuka ngazi na bakora, akamkuta Soli kwenye ujia, akamkabidhi bakora ile kama mtu anayekabidhi zamu.

“Shika hiyo. Nakuja kwako bila msaada.”

Alipiga hatua mbili nzuri. Ya tatu goti lilijisukuma mbele, likakunjika, naye akaanguka kifudifudi, mkono wa kulia chini yake.

Soli alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimpakata kichwa, na mdomo wake ukasema neno lile, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama ambavyo mtu wa kwao angesema pole, pole sana, pole jamani, huku akimpapasa kutafuta palipoumia. Msimamizi alikuwa mlangoni. Wauguzi wawili walikuwa ngazini. Wote walisikia.

Mkono ulikuwa umeteguka, haukuvunjika. Dereva alifungwa bendeji, akarudishwa kwao kwa magongo, viatu vyake vikiwa ndani ya mfuko. Mguu ulibaki karakana ukaguliwe.

Ijumaa asubuhi Msimamizi alimwita Soli ofisini. Mezani kulikuwa na fomu ya ajali, na mwandiko wa Msimamizi ulikuwa wa kusomeka vizuri hata ukiwa umekaa upande wa pili. *Mwanafunzi aliomba msamaha mara tatu, mbele ya mashahidi.*

“Nataka kukusaidia,” Msimamizi alisema, na alimaanisha. “Tumeufunga mguu kwenye stendi, tumeweka kibao cha urefu wa kisigino ulioandika. Kila kitu kiko sawa na vipimo vyako. Sioni kosa. Kwa hiyo niambie wewe. Ulifanya nini?”

“Sikufanya kitu.”

“Uliomba msamaha.”

“Sikuomba msamaha. Nilimpa…” Soli alitafuta neno katika lugha yao, akakuta liko lile lile tu, limekaa pale kama mtu mmoja kwenye benchi refu. “Kwetu mtu akianguka tunamwambia kitu. Hata kama ameangukia nchi nyingine. Si kwamba sisi ndio tumemwangusha.”

“Mnamwambia nini?”

“Pole.”

Msimamizi alivaa miwani, akavua. “Na maana yake?”

“Maana yake… nimeona kwamba umeumia.”

Msimamizi aliitazama fomu. Kisha akasema kwamba hicho si kitu anachoweza kuandika kwenye fomu. Mzee ameanguka, mguu ni wa mwanafunzi, mwanafunzi ametamka neno la kukiri. Mpaka sababu ipatikane, Soli asiguse mgonjwa, afagie na kupanga vifaa. Sababu isipopatikana kabla ya mwisho wa mwezi, hatakuwa na namna ya kutia sahihi barua. “Siwezi kuandika kwamba naiamini kazi ambayo siwezi kuieleza,” alisema, na uso wake haukuwa na raha.

Soli alifagia jasi mchana kutwa. Mzee wa Jasi alimwachia kiti chake bila kusema neno, na kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Jumamosi asubuhi Ramani alimkuta ameshafunga kamba za viatu.

“Tunakwenda wapi?”

“Bondeni. Kwa Dereva.”

“Shoga, una wazimu?” Ramani alikaa kitandani, nywele nusu zimesukwa. “Neno moja tu limekutia matatani, sasa unataka kwenda kuongeza mengine mpaka nyumbani kwake? Watasema umekwenda kumbembeleza akutetee.”

“Waseme.”

“Barua yako je?”

“Mtu ameanguka mbele yangu, nimeshika bakora yake mkononi. Nikae Jumamosi nzima bila kwenda kumjulia hali? Baba angenielewa vipi?”

Ramani alimtazama, akaanza kusuka upesi upande uliobaki. “Sawa. Lakini tukae upande wa kushoto. Nimechoka kukosa mito.”

Reli ya bondeni ilikuwa ya treni ya mabehewa mawili, isiyo na haraka. Waliona mto, kisha kiwanda kilichofungwa, kisha bustani za kabichi. Mwisho treni ilisimama, injini ikazimwa, na hapo hapo ng'ambo ya njia ikaonekana nguzo ya taa ya manjano.

Dereva mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, amejiegemeza kwenye gongo moja. Aliwatazama bila tabasamu.

“Umetumwa nikusainie karatasi?”

“Sijatumwa, mzee. Nimekuja kukuona. Nimekuletea machungwa.” Kisha Soli akalisema kwa lugha ya kwao, maana lile la wenyeji lilikuwa limemuunguza. “Pole.”

“Hilo nini?”

“Ni neno la kwetu la mtu aliyeanguka. Jibu lake ni ‘asante’, basi. Halina karatasi.”

Mzee alichezesha sharubu. “Asante,” alisema, akasogea wapite.

Mlango ulikuwa mwembamba, na viatu vya kahawia vilikuwa vimewekwa njiani kabisa. Soli aliinama avisogeze, asije mwenye nyumba akajikwaa. Na mtoto wa fundi viatu hawezi kusogeza kiatu bila kukipindua. Mkono wake ulikipindua kabla akili haijamtuma.

Alibaki ameinama.

“Soli,” Ramani aliita, “umeteguka na wewe?”

Soli ya kiatu ilikuwa ile ile, ya zamani, yenye mikwaruzo aliyoikumbuka. Lakini kisigino kilikuwa kipya, mpira mweusi mnene, kingo zake bado kali, haujakanyaga hata siku mbili. Alikipima kwa kidole gumba kama baba yake alivyokuwa akifanya. Kilizidi kile cha awali kwa zaidi ya sentimita nzima.

“Mzee,” alisema polepole, “viatu hivi vilikwenda kwa fundi lini?”

“Vilikaa huko siku tatu. Mjukuu wangu anaolewa mwezi ujao, siwezi kusimama naye na visigino vilivyoliwa. Nikavichukua Alhamisi asubuhi, stesheni, nikavivalia hapo hapo nikija kwenu.” Aliona uso wa binti. “Mlisema nisivae kiatu kingine. Sijavaa kingine. Ni hicho hicho.”

“Ni hicho hicho, mzee. Hukukosea.”

Alikaa sakafuni, akafungua kamba na kuvua viatu vyake mwenyewe, akasogea kitini, akaviweka mezani juu ya gazeti, kisigino kwa kisigino. Akamwonyesha ule unene wa jalada la daftari. Akamwambia kimoja kilipigwa na baba yake na kingine alikipiga yeye, na akaeleza nyonga ilivyouma, na goti, na hayo yalimpata yeye mwenye kifundo cha mguu kinachoweza kujikunja na kujirekebisha. Mguu wa bandia hauna huruma hiyo. Kisigino kikiinuka, mguu mzima unainama mbele, na goti linasukumwa likunjike hata mwenye nalo asipotaka.

Dereva alisikiliza kama mtu anayesikiliza kelele ya injini, kichwa upande.

“Kwa hiyo nimejiangusha mwenyewe,” alisema. “Kwa kutaka kupendeza.”

“Si wewe. Wala fundi wako. Amefanya kazi safi, angalia uzi huu.”

“Nani basi?”

Soli alikipindua tena kile kiatu cha kahawia. Alikuwa amefurahi, na furaha ikaanza kupungua mikononi mwake. Yeye alijua visigino hubadilishwa. Katika wote wa karakana ile, ni nani mwingine aliyekulia chini ya meza ya kubadilishia visigino? Alisoma karatasi kama ilivyoandikwa, akaona inatosha.

“Nilipaswa kukwambia kuhusu kisigino,” alisema. “Nilikwambia kiatu tu.”

“Karatasi haikusema hivyo.”

“Karatasi haikuwa na baba fundi viatu.”

Ramani, aliyekuwa ameshamenya machungwa mawili, alimkanyaga chini ya meza. Soli alijifanya hajasikia.

Jumatatu Dereva alifika kabla karakana haijafunguliwa, tai shingoni, mfuko wa viatu kwapani. Msimamizi alipima kisigino mara mbili, akaandika mara tatu. Akaufunga mguu tena kwenye stendi, safari hii na kiatu chenyewe, na wote wanne walitazama jinsi ulivyoinama mbele, bila mtu kuugusa.

“Hii hapa,” Mzee wa Jasi alisema.

Msimamizi alimgeukia Soli. “Basi hukuwa na kosa.”

Barua ilikuwa kama imeshafika mikononi mwake, kama angenyamaza tu. Lakini alikuwa amesali juu ya jambo hilo Jumapili yote, na jibu alilopata halikuwa la kunyamaza.

“Lipo dogo,” alisema. “Nilijua watu hubadilisha visigino, sikumwonya. Alhamisi sikuwa naomba msamaha. Leo ndiyo naomba.” Na akalitamka neno lao, mara moja, kwa kazi yake halisi.

Dereva alikohoa, akasema hata kwenye treni kila hitilafu ya breki huleta mstari mmoja mpya kwenye kitabu cha maelekezo, kwa hiyo waandike mstari wao waendelee na maisha, yeye ana harusi.

Msimamizi aliivuta fomu. Hakufuta alichoandika, maana hakuwa mtu wa kufuta. Chini yake aliongeza sababu ya ajali. Kisha kalamu ikasimama. “Lile neno lenu linaandikwaje?”

Soli akamtajia herufi. Msimamizi akaandika: *Neno alilotamka mwanafunzi siku ya ajali lilikuwa tafsiri ya* pole, *ambalo si la kukiri kosa.* Kwenye karatasi ya maelekezo ya wagonjwa ukaingia mstari kuhusu visigino. Kwenye barua ikaingia sahihi, na muhuri, na sentensi moja ambayo haikuwa kwenye barua za wanafunzi wengine: *Huona kiatu kabla ya mguu, na husema ukweli hata usipomfaa.*

Alipomkabidhi, Msimamizi hakuiachia bahasha mara moja.

“Siku ya kwanza uliponiambia habari za baba yako, nilisema lile neno letu. Nilikuwa namaanisha hili.” Alijaribu kulitamka, likatoka limepinda, mkazo ukiwa mahali pasipo pake. “Pole.”

Soli alifungua mdomo ajibu asante kama alivyomfundisha Dereva. Akakaa kwenye ndoo ya jasi, bahasha magotini, akalia. Alilia ile Jumatano, na chai, na viti, na misumari mdomoni, na kamba za viatu ambazo baba hakuwahi kuzifunga asubuhi ile. Mzee wa Jasi, kwa kukosa kingine, alimpa taulo lake, na Soli aliponyanyua uso alikuwa mweupe kama yeye, mifereji miwili ikishuka mashavuni.

“Sasa tuko wawili,” Mzee wa Jasi alisema. Halafu akaona afadhali naye ajaribu. “Pole.”

Tangu siku hiyo neno lilienea karakana nzima na kutumika vibaya sana. Waliambiana pole kwa koleo lililoanguka, kwa chai iliyopoa, na mara moja Msimamizi aliwaambia pole wageni wa ukaguzi walipoingia mlangoni. Soli hakuwasahihisha.

Harusi ilifanyika Jumamosi yake ya mwisho huko. Mwinamo wa unyayo ulikuwa umepimwa upya kwa kisigino kipya, na Dereva alimtoa mjukuu wake kutoka mlangoni hadi mbele bila bakora. Alipokuwa akipita karibu na benchi ya Soli na Ramani alitazama mbele tu, kama mtu anayeingiza treni stesheni.

Baadaye Soli alitoka nje peke yake, akasimama mahali reli inapoishia. Mzee wa Jasi alikuwa amejitolea kumsawazishia kile kisigino kwenye mashine kabla hajarudi kwao, kazi ya dakika mbili. Soli alikuwa amemwambia asante, kiache.

Aliinamisha kichwa.

“Mungu wangu, asante kwa kutufikisha. Na ukimwona baba, mwambie leo tumefika mwisho wa reli. Mwambie fundi wa huku anashona vizuri, ila anapenda mpira mnene. Na kile cha kushoto, mwambie bado kimeshika.”

Kisha alirudi ndani, maana Ramani alikuwa ameanza kumwita.